Kumsaidia Mwalimu Kutumia Kishikwambi Darasani

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vile vishikwambi ambavyo makarani walivibeba nyumba kwa nyumba havikutiwa ghalani vikaliwa na vumbi. Serikali iliamua wapewe walimu, na kabla mwaka ule haujaisha ugawaji ulikwisha anza. Basi hata huku kwetu Mgololo, mahali ambapo watu wa mbali hupajua kwa kiwanda cha karatasi tu, mwalimu aweza kuwa na maktaba nzima mkobani mwake. Lakini maktaba hiyo itamfikiaje mwanafunzi aketiye dawati la nyuma?

Wanafunzi wengi hudhani kuwa mwalimu asiyetumia chombo hiki ni mvivu. Dhana hiyo si ya haki. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku ile ilidumu kwa miaka mingi. Walimu waliozeeka kazini walisoma na kuhitimu ualimu kwa chaki na ubao, nao wakafaulisha watu ambao leo ni madaktari na wahandisi. Sisi tulizaliwa tukazikuta simu, na kubofya kwetu ni kama mchezo. Lakini kujua kubofya ni jambo moja, na kujua kufundisha ni jambo jingine kabisa.

Mwalimu mmoja, ambaye simtaji jina, alikiweka kishikwambi chake katika droo kwa muda mrefu. Kilichomzuia ni aibu: kikigoma mbele ya darasa, watoto watacheka. (Na darasa letu hujua kucheka.) Kwa hiyo msaada wa kwanza ni kumpa mwalimu nafasi ya kujaribu pasipo macho ya watu. Jumamosi alasiri, akitaka mwenyewe, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja hukaa pamoja katika chumba cha maabara. Mwanafunzi huamkia, hungoja kuulizwa, tena hakishiki chombo. Kidole kiwe cha mwalimu. Ukimnyang'anya na kumfanyia haraka haraka, atasema "ahsante mwanangu," na Jumatatu atakuwa hajui lolote. Na nenosiri lake sharti aliandike mwenyewe; mwanafunzi ageuze uso.

Jambo la pili ni kutotegemea mtandao saa ya kipindi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Ikiwa Dar es Salaam iliyo kando ya bahari ilipata taabu, sembuse sisi wa milimani, ambako mvua ikinyesha umeme nao huaga? Somo lipakuliwe mapema, pale mtandao ulipo mzuri, lihifadhiwe ndani ya kishikwambi, kisha lifunguliwe na kujaribiwa hali mtandao umezimwa. Likifunguka hivyo, darasani halitaleta fedheha.

Nitatoa mfano wa fizikia. Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kina majaribio ya kuigiza yaitwayo PhET, ambayo Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, aliyaanzisha mwaka 2002. Hayalipiwi, na mengi huweza kuhifadhiwa na kutumika bila mtandao. Katika jaribio la umeme, mwalimu huunganisha betri, waya na taa kwenye kioo. Kabla hajaongeza taa ya pili huuliza: tukiiweka kwa mfuatano, mwanga wa ile ya kwanza utazidi, utapungua, au utabaki vile vile? Kila mmoja aandike jibu lake daftarini. Hapo ndipo abofye. Taa zote mbili hufifia, na waliosema "utabaki" huanza kubishana na waliosema "utapungua." Akizihamisha na kuziweka sambamba, kila moja huwaka kama kwamba iko peke yake, na ubishi huanza upya. Elektroni huonekana zikitembea ndani ya waya, jambo ambalo waya wa kweli hautuonyeshi kamwe. Ukiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto huwaka kiooni wala hakuna kinachoungua.

Tazama basi kuwa swali ndilo lililofundisha. Picha ilikuwa shahidi tu. Mwalimu akibofya kwanza bila kuuliza, tutatazama kama sinema kisha tutasahau. Tena katika darasa la watu wengi, na projekta ikiwa haipo, kishikwambi kimoja kizungushwe kundi kwa kundi, huku wengine wakifanya hesabu ubaoni.

Hata hivyo mtihani wa vitendo wa kidato cha nne hufanywa kwa mikono. Aliyezoea kioo peke yake ataiogopa amita ya kweli. Maigizo hayo yatangulie maabara, yasichukue mahali pake.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni. Baadhi ya majaribio hayo yamekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili. Sisi husomeshwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mtu hukariri maneno bila kuyaelewa. Akilielewa jambo kwanza kwa lugha yake, kulisema kwa Kiingereza ni kazi ndogo.

Wazazi nao wajue kwamba bando la intaneti mara nyingi hutoka katika mfuko wa mwalimu mwenyewe. Kwa sababu hiyo ni bora somo lipakuliwe mara moja na mmoja, kisha wenzake walinakili kutoka kwake kwa flashi au Bluetooth.

Sasa mwalimu wa jiografia ameuliza kama picha za setilaiti za msitu wa Sao Hill zaweza kuhifadhiwa kwa njia iyo hiyo, ili tulinganishe mahali palipovunwa misonobari na mahali palipopandwa upya. Zaweza. Amepangiwa Jumamosi ijayo, saa tisa.