Watoto Wetu na Masalio ya Mafirauni

 

Tumeletewa suali na ndugu zetu wa pwani waliohamia Ruiru na Thika kwa ajili ya kazi. Mmoja wao akusudia kwenda Umra pamoja na mkewe na watoto wake wawili, mmoja wa miaka 5 na mwengine wa miaka 9, na njiani watakaa Kairo siku tatu kwa mjomba wa watoto hao, ambaye asoma huko. Mjomba amewaahidi watoto kuwa atawapeleka katika makumbusho kuangalia maiti za Mafirauni. Khabari hiyo ilipoenea, jamaa wakagawanyika. Wako waliosema kuwa ni haramu, kwani huko kuna masanamu, na watoto wadogo hawafai kuonyeshwa masanamu. Na wako waliosema kuwa ni jambo jema mno, kwani watoto watamwona kwa macho yao yule Firauni aliyegharikishwa mbele ya Nabii Musa (A.S.). Nasi twaulizwa: kauli ipi iliyo sawa?

Jawabu letu ni kuwa kauli zote mbili zina kasoro. Ya kwanza imekaza pasipokazwa, na ya pili imeeleza kwa yakini jambo lisilokuwa na yakini. Na kosa la pili ndilo lenye madhara zaidi kwa mtoto, kama tutakavyobainisha.

Hukumu ya kwenda

Qur'ani imetuamrisha, wala si pahali pamoja, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Mwenye kutaka na atazame Sura ya Al-An'am aya ya 11, na Sura ya Ar-Rum aya ya 9. Basi kutazama masalio ya watu wa kale kwa kuzingatia ni jambo lenye asili katika dini.

Hata hivyo wenye kukataza wana hoja, nayo haifai kupuuzwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipopita Al-Hijr, makao ya Thamud, katika safari ya Tabuk, aliwakataza sahaba zake wasiingie makao ya wale waliojidhulumu illa wawe katika hali ya kulia. Lakini katazo hili lina sharti ndani yake. Lililokatazwa ni kuingia kwa mchezo na kughafilika, kama aingiaye sokoni. Mwenye kuingia na moyo wake umehudhuria hakufungiwa mlango.

Ama masanamu, Waislamu waliifungua Misri katika zama za Khalifa Omar, wakiongozwa na Amr bin Al-As, nayo mapiramidi na lile jiwe kubwa la Abul-Hauli yaliachwa yamesimama, na mpaka leo yamesimama. Ilipofika miaka ya 1190, Al-Aziz Uthman, mwana wa Sultani Salahuddin, alitaka kulivunja piramidi la tatu la Giza. Mafundi wakafanya kazi miezi minane, kisha wakaacha, na kovu lake laonekana hata sasa. Abdul-Latif Al-Baghdadi, tabibu na mwanachuoni aliyefika Misri siku hizo, aliisimulia khabari hiyo kwa masikitiko, akaeleza faida za kuyahifadhi masalio ya kale, maana ni ushahidi wa hali za waliopita. Na Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1899 hata kufa kwake mwaka 1905, alieleza kuwa katazo la masanamu lilikuja kwa khofu ya kuabudiwa, na kuwa pasipo khofu hiyo hakuna ubaya kuyahifadhi kwa ajili ya elimu. Wako wanavyuoni wasiomkubali katika kuyatengeneza na kuyaweka majumbani. Lakini mtu kutazama jiwe lililochongwa, naye ajua kuwa ni jiwe, si kuliabudu.

Maneno mawili ya kumfundisha mtoto kwanza

Mtoto wetu ayajua maneno mawili ya Misri kabla hajaondoka nyumbani, na yote mawili ayajua vibaya.

La kwanza ni firauni. Kwetu limekuwa tusi, huitwa kwalo mtu muovu na jabari. Mtoto hudhani kuwa ni jina la mtu mmoja. Asili yake ni neno la Kimisri lenye maana ya nyumba kubwa, yaani kasri. Baadaye likawa lakabu ya mfalme mwenyewe, kama tusemavyo sultani. Kwa hivyo Mafirauni walikuwa wengi, mmoja baada ya mmoja. Na hapa pana jambo la kupendeza: katika kisa cha Nabii Yusufu (A.S.) Qur'ani yamwita mtawala wa Misri mfalme, wala haimwiti Firauni, na katika kisa cha Nabii Musa yamwita Firauni. Nao wajuzi wa maandishi ya Kimisri wamesema kuwa kumwita mfalme kwa lakabu hiyo kulianza katika zama za baadaye, si tangu mwanzo.

La pili ni mumiani. Nani katika sisi hakutishwa kwalo utotoni? Wazee walikuwa wakituambia tusitoke usiku, kuna watu wa mumiani wanyonyao damu. Neno hili limetoka katika Kiajemi na Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu cheusi mfano wa lami, kilichokuwa kikitumiwa kuwa dawa. Watu walipoziona maiti za Misri zimekuwa nyeusi, walidhani zimepakwa kitu hicho, wakaziita kwa jina hilo. Hata Ulaya zilisagwa zikauzwa kuwa dawa. Neno lilipofika kwetu likavikwa nguo ya khofu. Basi mtoto anayeambiwa atakwenda kuona mumiani hulala akiota wanyonya damu. Ni juu ya mzazi kumwondolea khofu hiyo kwa kumwambia kweli: hao ni watu waliokufa, wakakaushwa kwa chumvi ya natroni na kufungwa vitambaa, kazi iliyochukua siku 70, kwa kuwa wenziwao walidhani kuwa mwili ukioza mtu hatakuwa na maisha baada ya kufa. Nasi twaamini kuwa aliyeuumba mwili mara ya kwanza hashindwi kuurudisha, uwe umekaushwa au umekuwa mchanga.

Msimwambie mtoto neno msilo na yakini nalo

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Imeenea katika vitabu vidogo, na katika mawaidha, na sasa katika simu za mkononi, kuwa maiti fulani iliyoko Kairo ndiyo ya Firauni wa Nabii Musa. Wengi humtaja Ramses wa Pili, na wengine mwanawe, Merneptah. Husemwa pia kuwa tabibu wa Kifaransa, Maurice Bucaille, aliona chumvi ya bahari katika mwili wake, akastaajabu. Bucaille kweli alikuwako, na katika kitabu chake cha mwaka 1976 alielekea kwenye kauli ya kuwa ni Merneptah. Na kweli mwili wa Ramses ulipelekwa Paris mwaka huo 1976. Lakini ulipelekwa kutibiwa kuvu iliyokuwa ikiula, kisha ukarudishwa Misri.

Ama chumvi, tumekwisha kusema kuwa maiti zote hizo zilikaushwa kwa chumvi. Basi kuonekana chumvi katika mwili wa mfalme hakuonyeshi kuwa alikufa baharini, kama vile chumvi ya ng'onda haionyeshi alivuliwa bahari gani. Ramses mwenyewe alitawala miaka 66, akafa mzee sana. Na Merneptah ameacha jiwe la mwaka wa tano wa ufalme wake, lililofukuliwa mwaka 1896, nalo lawataja Israili kuwa ni watu waliokuwako tayari upande wa Kanaani. Wajuzi wamekhitilafiana, na khitilafu hiyo haijakwisha.

Na Qur'ani yasemaje? Katika Sura ya Yunus aya ya 92 tumeambiwa kuwa mwili wa Firauni ulitolewa ili awe ishara kwa walio nyuma yake. Wafasiri wa kale wameeleza kuwa alitupwa pahali palipoinuka wakamwona Bani Israili, maana baadhi yao hawakusadiki kuwa mtu jabari kama yule amekufa. Ishara ikatimia siku ile ile. Hatukuambiwa jina lake, wala hatukuambiwa kuwa atawekwa katika sanduku la kioo mjini Kairo. Lau Mwenyezi Mungu angetaka tumjue kwa jina, angetutajia.

Mtu atasema: kuna ubaya gani, hali ya kuwa neno hilo latia nguvu imani ya mtoto? Twasema ubaya ni mkubwa. Mtoto wa miaka 9 atalisadiki kwa kuwa limetoka kinywani mwa baba yake. Atakapokuwa na miaka 19, naye yuko chuo kikuu, atasoma khabari za Ramses na chumvi ya natroni, na ataona kuwa aliyoambiwa hayakuthibiti. Siku hiyo hatashuku maneno ya baba yake peke yake. Atashuku na aya iliyofungwa pamoja nayo. Tutakuwa tumeijenga imani yake juu ya nguzo ya mchanga, na Qur'ani haikututaka nguzo hiyo. Wazee wamesema njia ya mwongo ni fupi. Nasi twaongeza kuwa hata asiyekusudia uwongo njia yake ni fupi, akisema kwa yakini asilolijua.

Basi mtoto akiuliza mbele ya sanduku, "Baba, huyu ndiye Firauni wa Musa?" jawabu lake ni hili: "Huyu ni mmoja katika Mafirauni. Yule wa Musa Mungu amjua zaidi. Sisi twajua alilolifanya na lililompata." Mtoto akisikia mzazi wake asema hajui, hujifunza kuwa dini haimwogopi mwenye kuuliza.

Adabu na umri

Mtume (S.A.W.) ametuelekeza tuwaamrishe watoto sala wafikapo miaka saba, na wanavyuoni wauhisabu umri huo kuwa ndio wa kupambanua. Twaona kipimo hicho chafaa na hapa. Mtoto wa miaka 5 asitiwe katika chumba cha maiti. Na aonyeshwe vitu anavyovijua: mkate, kitana, makubadhi, mashua, paka. Katika kaburi la Meketre, waziri wa zama za miaka 4,000 iliyopita, mwaka 1920 palifukuliwa vinyago vidogo vya mbao vya wafumaji, maseremala, wavuvi na ng'ombe wakihisabiwa. Nusu yake ilibakia Misri na nusu ikaenda New York. Mtoto akiona vitu mfano wa hivyo, hufahamu kuwa Misri haikuwa ya Mafirauni peke yao. Walikuwako na watu wa kazi kama sisi. Na saa moja yamtosha. Akichoka haoni tena kitu.

Yule wa miaka 9 aweza kuingia, akiwa ametayarishwa. Maiti 22 za wafalme na malkia zilihamishwa tarehe 3 Aprili 2021 kutoka makumbusho ya Tahrir hata makumbusho mapya ya Fustat, mji ulioanzishwa na Amr bin Al-As. Aambiwe asicheke, wala asinyooshe kidole kwa dhihaka. Mtume wetu alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa akabainisha kuwa hiyo nayo ni nafsi. Mwaka 1980 Rais Anwar Sadat aliamrisha chumba cha maiti hizo kifungwe kwa kuheshimu wafu, na hakikufunguliwa hata mwaka 1994. Mwenye kuchukizwa na kuwaonyesha wafu ana haki yake, na atakayempeleka mwanawe mapiramidini akaacha chumba hicho hakupungukiwa na kitu.

Anzeni na vilivyo karibu

Kwa ndugu zetu wengine wa Thika na Ruiru ambao safari ya Misri hawaiwezi, twasema hamkukosa. Barabara hiyo hiyo ya Thika yawafikisha karibu na makumbusho ya Nairobi, yaliyofunguliwa kilimani hapo mwaka 1930. Mfundisheni mtoto hapo jinsi ya kutazama polepole, kuuliza, na kutogusa. Na mkirudi pwani wakati wa Idi, wapelekeni Ngome ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ikatwaliwa na Waarabu wa Omani mwaka 1698, ikawa jela ya Waingereza, kisha makumbusho. Kila mmoja katika hao alidhani itakuwa yake daima.

Kisha wapelekeni Gedi, karibu na Malindi. Hapo pana mji mzima chini ya miti: nyumba, visima, makaburi, na msikiti mkuu wenye mihirabu isiyosaliwa. Nao hawakuwa watu wa Firauni. Walikuwa Waislamu, watu wa pwani hii, wakiadhini na kufunga kama sisi, na mji wao umehamwa tangu karne ya 17. Mtoto asifundishwe kuwa magofu ni ya makafiri tu, akakua na kiburi. Aliyepita Giza akamlaani Firauni, kisha akapita Gedi asijiulize juu ya nafsi yake, huyo ametazama nusu ya ishara.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu macho yenye kuzingatia, na atujaalie sisi wazazi ndimi zisemazo kweli, na ujasiri wa kusema hatujui pale tusipojua. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.