Kufunga Magurudumu ya Nyuma Yanayojitegemea katika Gari la Kale

Huko Marekani, tangu kabla ya miaka ya 1940, pamekuwapo mafundi ambao kazi na burudani yao ni kuyatwaa magari ya zamani, hasa Ford ya mwaka 1932, na kuyaunda upya. Sura hubaki ile ile ya kale, lakini injini na viungo vya chini huwa vya magari mengine. Badiliko mojawapo lipendwalo ni kuondoa ekseli nzima ya nyuma na kuweka mahali pake mfumo ambao kila gurudumu hupanda na kushuka bila ya kulivuta gurudumu mwenzake. Wengi hulihesabu badiliko hili kuwa pambo, kwa sababu vyuma ving'aavyo huonekana vizuri kwa nyuma. Kwa mwanafunzi wa fizikia, hata hivyo, hili ni somo la mekanika, tena somo ambalo kosa lake laweza kuua.

Ford ya 1932 ilikuwa na ekseli moja ngumu, iliyobebwa na springi moja ya vipande vya chuma bapa iliyolazwa kukingama gari. Difu ilikuwa katikati ya ekseli hiyo, na propela ilipita ndani ya bomba la chuma lililofungwa imara kwenye difu na kuishia nyuma ya giaboksi. Mfumo huo ulikuwa rahisi na wenye nguvu. Udhaifu wake ulikuwa katika uzito.

Katika kila gari, tungamo, yaani masi, hugawanyika mafungu mawili. La kwanza hubebwa na springi: bodi, injini na abiria. La pili halibebwi na springi: magurudumu na vyote vinavyorukaruka pamoja nayo, na katika Ford hiyo difu yote imo. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba springi husukuma gurudumu moja chini kwa kani ya niutoni 3,000, na kwamba tungamo lisilobebwa upande huo ni kilogramu 60. Gurudumu likifika penye shimo la kina cha sentimeta 3, springi hulipa mchapuko wa 3,000 ÷ 60, yaani mita 50 kwa sekunde kwa sekunde, na uvutano wa dunia huongeza 10. Kwa kanuni ya s = ½at², gurudumu litachukua sekunde 0.0316 kufika chini. Gari liendalo kilometa 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde, litakuwa limekwisha kwenda sentimeta 79 bila ya tairi hilo kugusa ardhi. Tungamo likipunguzwa hadi kilogramu 40, mchapuko huwa 85 na umbali huo hupungua hadi sentimeta 66 hivi. Hesabu hii imepuuza shokomzoba, na pia imepuuza kwamba kani ya springi hupungua kadiri inavyotanuka. Lakini yatosha kuonyesha jambo lenyewe. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona.

Mfumo uliopendwa sana na mafundi hao ni ule ambao Jaguar ya Uingereza iliutoa mwaka 1961. Difu imefungwa kwenye gari na haichezi pamoja na magurudumu. Diski za breki nazo ziko kando ya difu, mbali na magurudumu, ili uzito wake uhesabiwe katika fungu la kwanza. Kila gurudumu hushikwa na mkono wa chini, na kwa juu hushikwa na shafti yenyewe inayolizungusha, yenye joini krosi kila mwisho. Kwa hiyo shafti hiyo hufanya kazi mbili: huzungusha gurudumu, na hulizuia lisilale gari linapokata kona. Joini iliyochakaa, ambayo katika magari mengine huleta kelele tu, hapa huacha gurudumu likiwa limelegea.

Kuondoa ekseli hakuondoi kani zilizokuwa zikibebwa nayo. Injini yenye momenti ya niutoni-mita 300, ikipitia gia ya kwanza ya uwiano wa 2.5 na difu ya 3.5, hufikisha niutoni-mita 2,625 kwenye magurudumu. Kwa sheria ya tatu ya Newton, kasha la difu husukumwa kuzunguka kinyume kwa momenti hiyo hiyo. Bomba la kale, likikadiriwa kuwa na urefu wa mita 1.5, lilihitaji niutoni 1,750 tu kwenye ncha yake ya mbele ili kulizuia. Katika mfumo mpya kazi hiyo ni ya bolti za difu. Zikiwa zimeachana sentimeta 20 mbele na nyuma, kani huwa 2,625 ÷ 0.2, yaani zaidi ya niutoni 13,000. Ni uzito unaoshinda wa Ford yenyewe, ambayo ina tani moja na ushee. Fremu ya 1932 iliundwa kwa injini ya nguvu za farasi 65, wala haikuwa na boriti ya kukingama yenye uwezo wa kubeba mzigo wa namna hiyo mahali hapo. Fundi hana budi kuiongeza, na kuichomelea vyema.

Hata hivyo, kosa linalofichika zaidi ni la jiometri. Mkono wa chini huzunguka kwenye mhimili ulio kando ya difu. Ili gurudumu lisisogee mbele na nyuma, mkono huo huunganishwa na fito inayokwenda mbele hadi kwenye fremu. Mwanafunzi na aufikirie mlango wenye bawaba mbili, kisha aongeze ya tatu nje ya mstari wa zile za kwanza: mlango hautafunguka bila ya kupinda kitu. Kadhalika, fito ikiwa imefungwa imara kwenye mkono, ncha yake ya mbele lazima iwe juu ya mstari ule ule wa mhimili wa mkono, ukirefushwa mbele. Jaguar yenyewe ilikuwa na bushi nene za mpira, ambazo zilisamehe tofauti ndogo. Fundi anayeweka joini za chuma mahali pa mpira hupoteza msamaha huo. Chuma hupindapinda kila gari linapopita tuta, na mwishowe hukatika kwa uchovu.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Kabla ya kufunga springi na shokomzoba, fundi huliinua gurudumu kwa mkono kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Likikwama popote njiani, ncha ya mbele ya fito haiko mahali pake.