Nyota za Mdalasini: Biskuti za Lozi na Afya ya Watoto Wetu



Majira ya Majilio yakifika, nyumba nyingi za Ujerumani hunukia mdalasini. Wazazi na watoto hukusanyika mezani kuoka biskuti za Noeli, kisha huzihifadhi katika makopo ya bati mpaka sikukuu. Mojawapo ya biskuti hizo ni Zimtsterne, maana yake "nyota za mdalasini". Haziwekwi unga wa ngano hata kidogo. Ni lozi zilizosagwa, ute wa yai, sukari na mdalasini tu.

Mwezi huu tujifunze namna ya kuzioka nyumbani. Tujifunze pia mambo ambayo mpishi hana budi kuyajua kabla ya kumpa mtoto, maana katika biskuti hizi kuna jambo moja linalohusu ini la mtoto, na wazazi wengi hawalijui.

MAHITAJI (kwa nyota 40 hivi)

- Ute wa mayai 3
- Sukari laini ya unga, gramu 250
- Lozi tamu zilizosagwa, gramu 350, na nyingine kidogo za kunyunyiza mezani
- Mdalasini wa unga, vijiko 2 vya chai

NAMNA YA KUOKA

1. Piga ute wa mayai mpaka uwe povu zito jeupe lisilomwagika hata ukiinamisha bakuli. Ongeza sukari kidogo kidogo huku ukiendelea kupiga.

2. Weka kando kikombe kidogo cha povu hilo. Litapakwa juu ya nyota.

3. Changanya lozi na mdalasini katika povu lililobaki mpaka upate donge laini. Lifunike, liweke mahali pa baridi kwa saa moja.

4. Nyunyiza lozi mezani, sukuma donge mpaka libaki na unene wa sentimita moja, kisha kata nyota. Kama huna kikatio, kata vipande vya pembe nne kwa kisu. Ladha ni ileile.

5. Paka povu juu ya kila nyota. Oka kwa moto mdogo, nyuzi 150 za Sentigredi, kwa dakika 12 hadi 15. Juu pabaki peupe na ndani pawe laini. Zikibadilika rangi kuwa kahawia, moto umezidi.

Viini vilivyobaki visitupwe. Wajerumani huvitumia kuoka biskuti nyingine za lozi ziitwazo Vanillekipferl, zenye umbo la mwezi mwandamo.

FAIDA YA LOZI

Gramu 100 za lozi zina protini gramu 21 hivi, pamoja na madini ya chokaa, vitamini E na nyuzinyuzi. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina isiyodhuru moyo. Kwa kuwa nyota hizi hazina ngano, zinawafaa pia wale ambao utumbo wao haupatani na ngano.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, mdalasini. Wengi wetu hudhani mdalasini ni wa aina moja. Sivyo. Upo mdalasini wa Ceylon, yaani wa Sri Lanka, na upo mdalasini wa kasia, utokao hasa China, Indonesia na Vietnam. Kasia ina kitu kiitwacho kumarini. Kikizidi kwa muda mrefu, kinaweza kudhuru ini la watu walio wepesi kudhurika nacho. Gramu moja ya kasia huwa na wastani wa miligramu 3 hivi za kumarini. Mdalasini wa Ceylon huwa na chembe tu.

Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya wamekadiria kwamba mtu anaweza kula kila siku, bila kudhurika, miligramu 0.1 ya kumarini kwa kila kilo ya uzito wake. Tufanye hesabu. Mtoto wa kilo 15 kipimo chake ni miligramu 1.5 kwa siku. Vijiko vyetu viwili vya mdalasini ni kama gramu 5. Vikiwa vya kasia, vina kumarini miligramu 15 hivi. Tukigawa kwa nyota 40, kila nyota ina karibu miligramu 0.4. Basi mtoto huyo akila nyota nne amekwisha fika kwenye kipimo chake, lakini mtu mzima wa kilo 60 hufika huko kwa nyota 16.

Mwaka 2006 jambo hili liliwashtua Wajerumani. Taasisi ya serikali yao inayochunguza hatari za vyakula ilionya kwamba biskuti za mdalasini zilizokuwa madukani zilikuwa na kumarini nyingi mno, ikawashauri wazazi wasiwape watoto wadogo nyingi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika mwaka 2011, iliweka kikomo cha miligramu 50 katika kilo moja ya biskuti za sikukuu zenye mdalasini. Lakini sheria hiyo ni ya viwanda na maduka. Jikoni mwetu mkaguzi ni sisi wenyewe.

Tusiogope kupita kiasi. Kuzidisha siku moja ya sikukuu si hatari. Linalotakiwa kuangaliwa ni mazoea ya kila siku, hasa kama mtoto anatiliwa mdalasini huohuo katika chai na uji.

Tutautambuaje? Kijiti cha Ceylon ni maganda mengi membamba yaliyosokotwa pamoja kama sigara, nacho huvunjika kwa urahisi. Kasia ni ganda moja nene na gumu lililojikunja. Ukisha sagwa, macho hayawezi kutofautisha. Kwa hiyo tununue vijiti, tusage wenyewe.

Pili, lozi chungu. Zinafanana na lozi tamu, lakini zikitafunwa hutoa sumu ya sianidi. Lozi chungu tano hadi kumi zinaweza kumwua mtoto mdogo. Mtoto akionja lozi chungu, aiteme mara moja.

Tatu, kuvu. Lozi zilizoota kuvu au zenye harufu ya uvundo zitupwe. Sumukuvu haiishi kwa joto la oveni.

Nne, mayai mabichi. Watoto hupenda kulamba bakuli. Tuwazuie, kwa sababu ute mbichi unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Tutumie mayai mapya, tuoshe mikono na vyombo.

Tano, sukari na mzio. Kila nyota ina sukari gramu 6 hivi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na nyota nane tayari zinafika hapo. Mwenye kisukari apimiwe. Mwenye mzio wa lozi asionje kabisa, na mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe lozi nzima, asije akapaliwa.

TUKUMBUKE

Nyota mbili au tatu kwa mtoto zinatosha, na mdalasini uwe wa Ceylon. Wakati wa kuoka tuwashirikishe watoto wenyewe: wakate nyota, wapake povu, wajifunze kuvijua viungo kwa macho na kwa pua. Mtoto aliyefundishwa kutambua lozi chungu na mdalasini mwema atailinda familia yake atakapokuwa na jiko lake.