Panya na Kovu la Pafu: Mafunzo na Mipaka ya Utafiti kwa Wanyama

Mgonjwa mwenye makovu ya mapafu huuliza swali la haki: "Daktari, nimesikia kuna dawa iliyowaponya panya. Mbona mimi sipewi?" Makala haya yanakusudia kulijibu.

Katika ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo, kuta za vifuko vya hewa hunenepa kwa kolajeni, protini inayojenga pia kovu la ngozi. Pafu hukakamaa, na oksijeni huingia katika damu kwa shida. Kwa kuwa mgonjwa hufika hospitalini kovu likiwa limekwisha kujengeka, mwanzo wake hatuuoni. Ndiyo sababu watafiti humtumia panya.

Njia iliyozoeleka ni bleomisini, dawa ya saratani ambayo huweza kuleta makovu katika mapafu ya binadamu pia. Panya hutiwa dozi moja katika njia ya hewa. Siku za mwanzo hutawaliwa na mchochota, yaani kuvimba kwa tishu kutokana na jeraha. Kovu huonekana wazi kati ya siku ya 14 na ya 28.

Hapa ndipo penye mtego. Kwanza, kovu la panya kijana huweza kufifia lenyewe. La binadamu huendelea. Pili, ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60, ilhali panya wengi wa majaribio ni vijana. Tatu, dawa ikitolewa pamoja na bleomisini, huenda ikatuliza mchochota tu, bila kuligusa kovu. Interferoni-gama ilipunguza makovu kwa panya; lakini jaribio la wagonjwa 826, lililochapishwa mwaka 2009, halikuonyesha kwamba iliwaongezea maisha.

Hata hivyo, utafiti huu haukuwa wa bure. Pirfenidoni ilipunguza makovu ya bleomisini kwa hamsta katika miaka ya 1990. Mwaka 2014 iliidhinishwa Marekani pamoja na nintedanibu. Zote mbili hupunguza kasi ya ugonjwa. Hazifuti kovu lililokwisha kuwapo.

Basi, mhudumu wa afya, ukisikia habari ya dawa mpya, uliza: ilitolewa kabla ya kovu au baada yake? Wanyama walikuwa na umri gani? Je, imekwisha kujaribiwa kwa binadamu? Nawe mgonjwa, usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya habari za maabara. Kikohozi kikavu na kuhema kunakozidi mwezi hadi mwezi vichunguzwe mapema. Si kila kivuli katika picha ya eksirei ni kifua kikuu.