SOMO LA 12: SIKU YA KUPIMWA MASIKIO

Labda umepewa karatasi ya kuja hospitali kupimwa masikio, wewe au mtoto wako. Usiogope. Kipimo hiki hakina sindano wala kisu, tena hakiumizi. Lakini kina sharti moja: lazima useme kweli. Mganga huona homa yako kwa kipima-joto, na vijidudu vya malaria kwa darubini. Usikivu wako hawezi kuuona vivyo hivyo. Ni wewe utakayemwambia kama umesikia au hukusikia.

Watu wengi huchelewa kuja kwa sababu ya haya. Na wako watoto wanaopigwa nyumbani na shuleni kwa kuwa hawaitiki. Huitwa wakaidi, hata wengine husingiziwa uchawi. Kumbe mtoto hasikii! Basi, kabla ya kumhukumu mtoto, mlete apimwe.

Kabla ya kuja

1. Usitie kitu sikioni: si unyoya wa kuku, si kijiti, si mafuta. Kama nta ni nyingi, mganga ataitoa.

2. Tangu jana yake jiepushe na kelele kubwa, kama ya mashine ya kusagia au ya muziki wa vipaza sauti. Sikio lililochoka kwa kelele halitoi jibu sawasawa.

3. Ukikaa Alunguli, uvuke Lualaba mapema, upate kupumzika kidogo kabla ya kuitwa.

4. Lete dawa zako zote, au majina yake. Kinini inaweza kuvumisha masikio na kupunguza usikivu. Sindano za streptomisini kwa kifua kikuu zinaweza kuharibu usikivu kabisa. Lakini usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe, mwulize mganga.

5. Kumbuka magonjwa yaliyopita: meninjiti, surua, malaria ya kichwa, usaha wa masikio. Mtoto aliyepona meninjiti apimwe upesi, bila kungoja aonyeshe dalili.

Mganga atafanya nini?

Kwanza, atatazama ndani ya sikio kwa taa ndogo. Anatafuta nta, usaha, au tundu katika kiwambo, yaani ile ngozi nyembamba iliyo ndani.

Pili, atagonga uma wa chuma wenye meno mawili mpaka ulie. Atauweka mbele ya sikio, kisha shina lake juu ya mfupa wa nyuma ya sikio, akiuliza, “Wapi sauti ni kubwa zaidi?” Maana sauti ina njia mbili: tundu la sikio na mifupa ya kichwa. Ukisikia zaidi kwa mfupa, kizuizi kiko njiani, kama nta au usaha, na mara nyingi kinatibika. Kama njia zote mbili ni dhaifu, huenda ugonjwa uko ndani zaidi, penye neva.

Tatu, ikiwa mashine ya kupimia iko, utakaa mahali pa kimya na kuvaa visikilizio. Usishangae jamaa zako wakiombwa kungoja nje. Hata katika Marko sura ya 7, kiziwi alitengwa kwanza na watu. Utasikia sauti nyembamba na nzito, zikipungua mpaka zipotee. Kila usikiapo, hata kidogo sana, inua mkono au bonyeza kitufe. Usipige bahati nasibu, wala usimtazame mganga usoni ukitafuta jibu. Kutosikia sauti nyingine si kushindwa, maana mganga anatafuta mwisho wa usikivu wako. Kila sikio hupimwa peke yake.

Mashine isipokuwepo, mganga atanong'ona maneno nyuma yako, nawe utayarudia.

Mtoto atapimwaje?

Mtoto mchanga hukaa mapajani pa mama, na sauti hupigwa pembeni asikoona. Mganga hutazama kama atageuka. Mama, usimguse wala usigeuke wewe! Mtoto wa miaka mitatu au zaidi hufundishwa mchezo: kila asikiapo sauti, atie kijiwe katika kopo.

Baada ya kipimo

Majibu ya mashine huandikwa kwa mistari, kwa kipimo kiitwacho desibeli. Anayesikia sauti za chini ya desibeli 20 ana usikivu mzuri. Maneno ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Uliza, “Ugonjwa uko wapi? Dawa iko? Nirudi lini?” Tunza karatasi yako kwa kipimo cha pili.

Kama usikivu hautarudi, kuna vifaa vya kukuza sauti, na kuna lugha ya ishara. Andrew Foster, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa kiziwi kwa meninjiti akiwa na miaka 11. Mwaka 1957 alianza shule ya viziwi Accra, Ghana, na kabla ya kufa mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika Afrika, hata Kongo. Mtoto asiyesikia anaweza kusoma na kuwafundisha wengine. Lakini lazima kwanza tujue kwamba hasikii.

Maswali

1. Kwa nini mganga anahitaji ukweli wako?
2. Utamwambia mganga dawa gani na magonjwa gani?
3. Yuko mtoto nyumbani kwako asiyeitika? Utamleta siku gani?