Kabla Hujachagua Kusoma Sera

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, kuna swali ambalo wazazi wengi humuuliza kijana aliyeinamia simu akipekua majina ya kozi: "Hiyo utawala wa umma, ukimaliza unakuwa nani?" Daktari anajulikana, mwalimu anajulikana, hata fundi umeme anajulikana. Aliyesoma sera hana koti jeupe wala chaki mkononi. Swali la mzazi ni la haki, na kijana anayelijibu kwa kusema "nitakuwa ofisini" bado hajaielewa kozi anayoiomba.

Jibu liko karibu kuliko anavyodhani. Anayemaliza kidato cha sita leo amekulia ndani ya sera. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kutoka elimu ya awali hadi kidato cha nne, ukaanza kutumika Januari 2016. Kabla ya hapo, sekondari ya kutwa ya serikali ilitoza shilingi 20,000 kwa mwaka na ya bweni 70,000. Baada ya hapo shule zikawa zinategemea ruzuku, ile ambayo walimu wakuu huiita kapitesheni: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, kwa mwaka mzima. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa.

Kwenye kijiwe cha kahawa mjadala utaishia kwenye swali la kama jambo hili ni jema au baya. Mwanafunzi wa sera anaanzia pale wenzake wanapoishia. Mlinzi wa shule, aliyekuwa akilipwa kwa michango ya wazazi, sasa analipwa na nani? Darasa lililokusudiwa watoto 45 limepokea wangapi Januari ile? Kwa nini mzazi aliyekuwa akitoa debe la mahindi kwa ajili ya uji wa watoto ameacha kutoa, ilhali hakuna aliyemkataza? Alisikia neno "bure" jukwaani, akaelewa alivyoelewa. Mwalimu mkuu naye anaogopa kumkumbusha, asije akaonekana anapinga agizo. Hakuna mtu mbaya hapo. Kuna waraka wenye nia njema uliopita kwenye mikono mingi, na kila mkono ukaupokea kwa namna yake.

Halafu kuna historia. Ada ya shule ya msingi ilishawahi kufutwa nchini miaka ya 1970, ikarudi uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, ikafutwa tena chini ya MMEM, mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002. Asiyeijua safari hiyo ataiona sera ya 2016 kama kitu kipya kabisa. Anayeijua atauliza mapema: mara hii fedha itatoka wapi ikikauka? Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kufuatilia nani aliamua, kwa fedha ipi, nani anatekeleza, na nani amebaki nje ya mlango.

Somo hili kwa jina la sera ya jamii lilikomazwa Uingereza, hasa London School of Economics, ambako Richard Titmuss alipewa uprofesa mwaka 1950. Mtu huyo hakuwa na shahada hata moja, jambo ambalo sipendekezi ulitumie kumjibu mzazi wako. Kwetu jina lake lina uzito zaidi kwa sababu aliongoza jopo lililoandika ripoti ya huduma za afya Tanganyika, iliyochapishwa mwaka 1964, ikisisitiza vituo vya afya vijijini badala ya kulundika fedha kwenye hospitali kubwa za mijini. Zahanati uliyopelekwa ukiwa mtoto imetokana na hoja za aina hiyo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kosa kubwa ni kutafuta kozi yenye neno "sera" kwenye jina. Kwa ngazi ya shahada ya kwanza hapa nchini, somo hili limejificha ndani ya majina mengine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa na kuwa chuo kikuu mwaka 2001, kina utawala wa umma katika damu yake. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini Dodoma hufundisha mipango. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, na ile ya Maendeleo ya Jamii Tengeru kule Arusha, ziko karibu zaidi na familia na jamii zenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma kina sosholojia na utawala pia. Majina yanafanana, lakini utawala wa umma utakufundisha namna serikali inavyojiendesha, mipango itakufundisha kugawa rasilimali, ustawi wa jamii utakukalisha mbele ya mtoto aliyetelekezwa na kukutaka umsaidie leo.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi huumia. Ajira serikalini hufuata miundo ya utumishi, na tangazo la kazi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira hutaja shahada zinazokubalika kwa majina. Nafasi ya Afisa Ustawi wa Jamii ina orodha yake, ya Afisa Maendeleo ya Jamii ina yake, ya Afisa Tawala ina yake. Kozi yenye jina la kupendeza isipokuwamo kwenye orodha, unaweza kuwa na ufaulu wa juu na jina lako lisifike kwenye usaili. Kwa hiyo kabla ya kuomba chuo, soma matangazo ya kazi ya miaka miwili mitatu iliyopita. Andika majina ya shahada yanayojirudia, kisha urudi kwenye orodha ya kozi. Watu wengi hufanya kinyume chake: husoma matangazo kwa mara ya kwanza wakiwa na joho kabatini.

Sifa za kuingia si ngumu kuzielewa. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Kiwango cha chini kwa aliyemaliza kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. HGL, HKL, HGK na HGE zote huingia, ila chuo kinaweza kuongeza masharti yake. Mwenye stashahada naye ana njia yake. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja, na kila mwaka kuna wanaosahau hatua hiyo ndogo.

Mkopo ni habari nyingine. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa mtandao. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA, au kwa mamlaka husika ya Zanzibar, na foleni ya uhakiki huwa ndefu siku za mwisho. Anza wakati unasubiri matokeo. Jua pia kwamba bodi imekuwa ikitanguliza fani kama za afya, ualimu wa sayansi na uhandisi, kwa hiyo kozi ya sera inaweza isikupe asilimia uliyoitegemea. Familia ikae chini na hesabu ya chumba na chakula kabla hujapanda basi. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, likichelewa, na huchelewa, mwenye nyumba hasubiri. Mkopo wenyewe utaurejesha kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Darasani, jambo linalowashtua wengi ni namba. Kijana anayechagua HGL akikimbia hisabati anakuta somo la takwimu na mbinu za utafiti linamsubiri, na huko ndiko sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, hupatikana. Usilikwepe. Anayejua kusoma jedwali la Ofisi ya Taifa ya Takwimu, anayeweza kuchukua watu 61,741,120 wa Sensa ya 2022 na kueleza wangapi ni watoto wa umri wa kwenda shule katika wilaya moja, huyo atatafutwa. Anayekariri madesa atafaulu mtihani na kusahau Julai.

Jambo la pili ni lugha. Utafundishwa kwa Kiingereza, utaandika insha kwa Kiingereza, kisha utapelekwa kwenye mkutano wa kijiji kueleza bima ya afya kwa wote kwa watu wanaotaka kujua kitu kimoja tu: nitalipa kiasi gani na nitatibiwa wapi. Nimewaona wahitimu wazuri wakikwama hapo, wakisema "wadau" na "mikakati shirikishi" huku kina mama wakianza kufunga vizuri khanga zao waondoke. Jizoeze mapema kuandika kila hoja yako kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao shangazi yako anaweza kuusoma.

Na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, usiifanyie mzaha. Mimi nilipelekwa halmashauri moja, nikapewa mafaili ya mikopo ya asilimia 10, ile inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kazi yangu ilikuwa kuorodhesha vikundi visivyorejesha. Nilipowatembelea wachache, nikakuta kikundi cha wakulima wa mpunga kilichopangiwa kurejesha kila mwezi, wakati wao hupata fedha mara moja kwa mwaka, wakishavuna. Kwenye faili waliandikwa "wakaidi". Fomu haikuwa na mahali pa kuandika mavuno yao huja lini. Nchi nzima, mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uangaliwe upya, ikarejea mwaka 2024. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilikuwa zimelalamikia vikundi hewa na marejesho hafifu, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Lakini wale wakulima hawakuwa hewa.

Kuhusu ajira, mzazi aambiwe ukweli: nafasi za serikali ni chache kuliko wahitimu, na wengi huanzia kwa kujitolea au kwenye miradi ya mashirika. Taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF zipo, ila huhitaji watu wachache, na mara nyingi wenye shahada ya pili. Wanaopata nafasi mapema ni wale waliotoka chuoni na kitu cha kuonyesha: utafiti mdogo wa wilaya yao, uchambuzi wa bajeti ya kata, programu ya takwimu wanayoimudu.

Anayesubiri matokeo ana njia ya kujipima isiyo na gharama. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nenda ukae nyuma na daftari. Andika kila swali linaloulizwa na kila jibu linalotolewa, na weka alama pale swali linapopita bila kujibiwa. Ukirudi nyumbani ukajikuta unataka kujua kwa nini lile swali la tanki la maji lilirukwa, jaza fomu. Ukijikuta ulikuwa ukiangalia saa, kuna kozi nyingine nyingi nzuri.