KOMPYUTA MPYA HAIWAKI: TUTAFUTE KOSA HATUA KWA HATUA

Somo la leo linahusu kompyuta. Usiseme, "Hayo ni mambo ya watu wa mjini." Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini. Zuio hilo liliondolewa zamani. Leo umeme umefika katika vijiji vingi vya Mbeya na Iringa, na wapo vijana wanaonunua vipande vya kompyuta na kuviunganisha wenyewe nyumbani.

Tuseme kikundi cha kijiji kimoja karibu na Mafinga kimechanga fedha za viazi. Kinataka kuandika barua za watu na kuzichapa kwa malipo. Kijana wao ameunganisha kompyuta. Wanabonyeza kitufe. Kimya! Mmoja anasema, "Tumeuziwa vitu vibovu." Mwingine anasema, "Kijana ametuharibia." Wa tatu anataka wakope fedha, wanunue vipande vingine.

Je, nani anasema kweli? Bado hatujui. Mashine ya kusaga isipowaka asubuhi, mwendeshaji hafungui injini yote. Kwanza hutazama kama dizeli imo. Na sisi tuanze nje, kisha tuingie ndani.

JIHADHARI KWANZA
Chomoa waya wa umeme kabla ya kugusa kitu chochote ndani. Gusa chuma kitupu cha kasha la kompyuta, ili umeme mdogo ulio mwilini mwako usiunguze vipande. Ndani mna sanduku dogo la chuma linalopokea umeme wa ukutani. Tuliite sanduku la umeme. Usilifungue kamwe! Huweka umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya. Na radi zikianza, chomoa waya, uache kazi.

1. HAKUNA TAA, HAKUNA FENI
Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Je, simu inaingia chaji? Kama haiingii, kosa liko kwenye soketi, siyo kwenye kompyuta. Kama inaingia, tazama nyuma ya kompyuta. Pana swichi yenye alama 0 na 1. Iwe upande wa 1. Masanduku mengine yana kiswichi chenye tarakimu 115 na 230. Kabla ya kuchomeka waya, hakikisha kiko 230, maana umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Kikiwa 115, sanduku linaweza kuungua mara moja.

Bado? Chomoa waya, fungua kasha. Ubao mkubwa unaoshika vipande vyote huitwa bodi kuu. Plagi yake kubwa ya pini 24 iingie mpaka mwisho. Tazama pia nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia. Mara nyingi huwa zimechomekwa mahali pasipo pake.

2. FENI ZINAZUNGUKA, SKRINI NI GIZA
Je, skrini yenyewe imewashwa? Kama kompyuta ina kadi ya picha, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi hiyo. Kisha tafuta plagi ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote. Wanaounganisha kwa mara ya kwanza huisahau sana plagi hii. Halafu toa vibao vya kumbukumbu. Rudisha kimoja tu, ukikandamize mpaka kilie "ta!" Washa. Kama bado ni giza, jaribu kingine.

3. INAWAKA, HALAFU INAZIMA
Labda prosesa inapata joto kali. Feni yake imekaa imara? Waya wake umechomekwa? Labda pia skrubu imeanguka chini ya bodi kuu, nayo inagusanisha njia za umeme.

4. INAANDIKA MANENO, LAKINI HAIENDELEI
Hii ni habari njema. Mashine inakuambia shida yake. Nakili maneno yale herufi kwa herufi, hata kama ni ya Kiingereza. Mara nyingi maana yake ni kwamba diski haikuchomekwa vizuri, au ni tupu, haijawekwa programu ya kuiendesha kompyuta.

KANUNI KUBWA
Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu, mashine ikawaka, hutajua lipi lilikuwa kosa. Kila unalojaribu liandike daftarini: umegusa nini, na mashine imefanya nini. Ukishindwa, mpelekee fundi kompyuta pamoja na daftari. Hataanza upya, wala hataweza kukuambia kila kitu kimekufa.

Sasa rudini kwa kile kikundi cha Mafinga. Kama kosa ni plagi ya pini 4, basi aliyewauzia hakuwaibia, na mkopo ungekuwa hasara tupu. Kijana hana haja ya kufukuzwa. Anahitaji taa, daftari na kalamu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini tunaanza nje kabla ya kufungua kasha?
2. Feni zinazunguka, skrini ni giza. Taja mambo matatu ya kutazama.
3. Je, kanuni ya "jambo moja kwa wakati mmoja" inaweza kutusaidia katika pampu ya maji au mashine ya kusaga? Elezeni.